Nyumba Zetu Tuzitengeneze Wenyewe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Tarime na Serengeti)



Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, hakuna mtu hapa asiyeijua. Watoto wa darasa la pili waijua. Lakini tukitembea kutoka Sirari mpaka Nyamwaga, tukavuka mto Mara tukafika Mugumu na Natta, twaona nyufa katika kuta za watu ambao methali hiyo wanaisema vizuri kuliko sisi. Sababu yake si uvivu. Mtu alimaye mteremko wa Muriba kwa jembe la mkono hawezi kuitwa mvivu. Sababu ni kwamba methali yatuambia tuzibe ufa, haituambii tuuzibe kwa kitu gani, wala wakati gani, wala ufa upi ni wa kuzibwa na upi ni wa kuogopwa. Hayo ndiyo tuliyokuja kuyasema.

Mnajua jinsi jambo hili linavyokwenda. Mvua za masika zinaanza, tone moja laanguka chumbani. Mama anaweka sufuria. Mwaka wa pili sufuria ni mbili, na kitanda kimesogezwa. Mwaka wa tatu mbao ya paa imeoza, upepo unakuja siku moja jioni na kuliondoa bati pamoja na ubao wake. Hapo ndipo baba anapompeleka ng'ombe mnadani. Ng'ombe mzima, ndugu zangu, ambaye angesomesha mtoto au kuongezwa katika mahari, anauzwa kwa sababu ya msumari mmoja uliolegea miaka mitatu iliyopita. Na huyo anayenunua mabati kwa haraka ananunua bati jembamba, kwa kuwa fedha zimekwisha, na safari ya sufuria inaanza upya.

Zamani haikuwa hivyo. Nyumba ya msonge ya wazee wetu, ya fito, udongo na nyasi, ilikuwa nyumba inayotengenezwa siku zote. Kila kiangazi mtu alipanda akatoa nyasi zilizooza akaweka mpya. Akina mama walikandika pale udongo ulipobanduka. Hakuna aliyesema hiyo ni kazi ya fundi. Mtoto alijifunza kwa kumpa baba yake nyasi akiwa chini. Yalipokuja mabati, yalikuja na imani moja mbaya, kwamba nyumba ya bati ukishaijenga umemaliza. Tukaweka nyundo chini. Kisha wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1973 hadi 1976, watu wengi wa nchi yetu walijenga mbio mbio mahali wasipopajua, kwa miti mibichi, na wengi walijenga wakisema ni nyumba ya muda. Ya muda! Desturi ile ya kujenga kwa muda imebaki nasi mpaka leo.

(Hatusemi hapa juu ya nyumba za kule Nyamongo ambazo wenyeji huziita tegesha, zile zilizosimamishwa usiku na mchana ili kungojea fidia ya mgodi. Nyumba ya kungojea fidia haina haja ya kutengenezwa. Sisi twazungumza juu ya nyumba ambayo watu wanalala.)

Basi tuanze na paa, maana maji yakishaingia juu hakuna kitu chini kitakachosalimika.

Kwanza, tundu haliko pale tone linapoangukia. Maji yakiingia hutembea juu ya papi, hufuata ubao, na huanguka pale yanapochoka. Kwa hiyo tafuta upande wa juu wa mteremko. Ingia ndani ya nyumba saa sita mchana jua likiwa kali, funga mlango na madirisha, ngoja macho yazoee giza, kisha tazama juu. Utaona nyota. Kila nyota ni tundu. Chomeka unyasi mgumu au kipande cha waya katika kila moja, ili utakapokuwa juu ya paa upaone mahali penyewe. Kazi hii haina gharama hata ya senti moja, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya.

Pili, msumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, haupigwi bondeni. Maji hupita bondeni. Ukitoboa bonde umejenga bomba. Hata hivyo twaona misumari ya bondeni kila tuendapo, kwa sababu bondeni bati hukaa juu ya ubao na ni rahisi kupiga. Na bati hujitanua jua linapowaka, usiku linasinyaa, na katika milima ya Tarime, ambako usiku ni wa baridi, kazi hiyo ya kutanuka na kusinyaa haina likizo. Msumari hulegea taratibu. Ukiukuta umelegea, usiugonge urudi katika tundu lile lile, kwani ubao pale umekwisha kuliwa. Utashika wiki moja tu. Ung'oe, piga mwingine kando kidogo, juu ya mgongo, mahali ubao ulipo mzima, kisha ziba tundu la zamani. Na kila msumari uwe na mpira wake chini ya kichwa. Kama mpira umepotea, mpira wa ndani wa baiskeli iliyokufa hutoa vipande vingi sana kwa mkasi tu.

Tatu, kuziba kwenyewe. Sugua kutu kwa brashi ya waya au kwa msasa mpaka bati ling'ae, pakaza lami, bandika kitambaa kigumu, pakaza lami tena juu yake. Tundu likiwa kubwa, kata kipande cha bati, upande wake wa juu ukiingize chini ya bati la juu, ili maji yapite juu yake. Lakini saruji juu ya bati msiweke. Twaiona kila mahali, na kila mahali imepasuka, maana bati linatanuka na saruji haikubali kutanuka nalo, na juu ya hayo saruji mbichi hula ile ngozi nyeupe ya bati inayozuia kutu. Mawe nayo yashusheni. Jiwe lililowekwa kuzuia upepo hutunza unyevu chini yake, na mahali lilipokaa ndipo kutu huanzia. Afadhali misumari kumi kuliko mawe kumi.

Mtu akilazimika kununua bati jipya, akumbuke kwamba hesabu ya geji huenda kinyume. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Wako watu waliolipa wakifurahi kwamba wamepata namba kubwa. Wauzaji wengine hawawaelezi, na sisi hatuoni sababu ya mkulima kuibiwa kwa hesabu.

Nao wenye nyumba za nyasi, hasa upande wa Serengeti: siku hizi nyasi ndefu za kuezekea zimekuwa haba karibu na vijiji, na ndani ya Hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1951, hakuna ruhusa ya kukata. Kwa hiyo usingoje paa lote lioze. Toa fungu lililooza peke yake, chomeka jipya chini ya lile la juu, funga. Fungu moja leo laokoa mafungu mia mwakani.

Kabla hatujashuka kutoka juu ya paa, neno juu ya kupanda. Ngazi isimame hivi: kwa kila futi nne za kwenda juu, mguu wake utoke futi moja mbali na ukuta. Mtu wa pili aishike. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, maana hapo chini yake kuna ubao. Bati lililolowa usilipande. Mwenye kizunguzungu na mwenye kunywa wabaki chini wawe wasimamizi.

Sasa tuje kwenye kuta, na hapa twataka mtusikilize sana.

Nyufa si za aina moja. Kuna ufa mwembamba kama utando wa buibui: huo ni wa lipu tu, hauna madhara makubwa. Kuna ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata maungio ya matofali, mwembamba chini na mpana juu: huo watuambia kwamba chini ya nyumba kuna jambo. Chukua penseli, weka alama mahali ufa unapoishia, andika tarehe. Mvua zikipita, rudi utazame. Kama umesimama pale pale, uzibe. Kama umeivuka alama, usipoteze saruji yako. Nenda ukatazame msingi.

Na mara nyingi utakuta adui si mwingine ila ni maji yatokayo ukingoni mwa paa. Yanaanguka siku zote mstari ule ule, yanachimba, yanarukia ukuta, tofali la chini linakuwa laini kama ugali. Milimani mvua ni nyingi na udongo unaserereka. Huku tambarare ya Serengeti kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, nayo nyumba juu yake hupanda na kushuka. Dawa ni moja pote: chimba mfereji kuzunguka nyumba, hatua moja kutoka ukutani, uelekee mteremko, na ardhi kati ya ukuta na mfereji iinamie nje. Jembe unalo. Siku moja ya kazi.

Ukitaka kuziba ufa wa ukuta wa udongo, ziba kwa udongo. Twarudia: ziba udongo kwa udongo. Watu wanapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo kwa sababu inapendeza kama nyumba ya mjini. Inapendeza mwaka mmoja. Kisha maji yanaingia nyuma yake, ukuta unataka kupumua hauna pa kupumulia, na lipu inabanduka kwa mapande makubwa ikiwa imeng'ang'ania nusu ya ukuta. Saruji na udongo ni kama ndugu wawili wasioelewana; wakilazimishwa kukaa nyumba moja watagawana vyombo.

Udongo wenyewe uchaguliwe. Tia konzi mbili za udongo katika chupa nyeupe, jaza maji, tikisa, uiache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, ule laini juu yake. Kama chupa yote ni ulaini mtupu, udongo huo utapasuka ukikauka, uongeze mchanga. Kama ni mchanga mtupu, hautashika. Changanya na nyasi zilizokatwa fupi na samadi mbichi ya ng'ombe, ambayo hapa kwetu hatuna uhaba nayo, uvundike siku kadhaa ukiukanyaga. Panua ufa kwa ncha ya panga mpaka ndani uwe mpana kuliko nje, ondoa vumbi, nyunyiza maji, ndipo ushindilie. Ukuta mkavu usionyeshwa maji hunyonya maji ya udongo wako mpya, nao huanguka kesho yake.

Kwa nini twawasumbua kwa habari ya ufa mdogo? Kwa sababu ufa ni nyumba ya mwingine. Kunguni mnamjua. Lakini yuko na papasi, yule kupe wa nyumbani, ambaye mchana hujificha katika nyufa za ukuta na sakafu ya udongo, usiku hutoka akanyonya damu ya waliolala, na anaweza kukaa miaka bila kula akimngoja mwenye nyumba. Yeye huleta homa inayokuja, ikaondoka, ikarudi tena. Mwaka 1905 daktari Mwingereza Joseph Dutton alikuwa akiichunguza homa hiyo katika Kongo ya mashariki, ikamwua huko huko. Na mwaka huo huo Robert Koch, mganga mkubwa wa Kijerumani, aliwachunguza papasi hapa nchini kwetu. Waganga wakubwa wa dunia walisafiri mwezi kwa mwezi kumtafuta mdudu ambaye dawa yake ya kwanza ni konzi ya udongo iliyokandikwa vizuri. Funza naye apenda sakafu ya vumbi. Sakafu iliyosirikwa kwa samadi au kushindiliwa ikawa ngumu, inayofagiwa kila siku, haimfai.

Wenye kuta za matofali ya kuchoma watumie saruji, lakini waiheshimu. Sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga yatosha kuziba. Mchanga uusugue mkononi. Ukiacha matope, uoshwe. Uchanganye kiasi utakachokimaliza kwa saa moja, na ukianza kuganda usiuongeze maji ukadhani umeufufua. Halafu, na hili ndilo watu wasilolikubali, umwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji haikauki ikawa ngumu. Hunywa maji ikawa ngumu. Ukiinyima, unapata unga.

Mchwa tutawasema kwa kifupi. Vunja njia zao za udongo ukutani kila unapoziona, ondoa majani na kuni zilizoegemezwa nyumbani, na nguzo kabla hujaisimika ipakaze oili chafu ya magari sehemu itakayokuwa ardhini. Lakini si karibu na kisima. Wenzetu wanaopakana na Hifadhi huichanganya oili hiyo na pilipili wakapaka kamba za kuzunguka shamba ili kumfukuza tembo, kwa hiyo twajua kwamba haikosekani vijijini.

Ndugu wananchi, tumefika mahali ambapo wanaume wengine watanuna.

Katika nchi ya Wakurya na jirani zao kuna nyumba ambazo hazina mwanamume kabisa. Zipo za wajane. Zipo za wale ambao waume zao wamekwenda machimboni au mjini. Na zipo za nyumba ntobhu, ambamo mama asiye na mtoto wa kiume ameoa mwanamke mwenziwe kwa ng'ombe wake mwenyewe, ili nyumba yake isipotee. Hatuzungumzi leo juu ya ubaya au uzuri wa desturi hiyo. Watu wana maneno mengi, na wengine wana haki. Twauliza jambo moja tu: paa la nyumba hiyo likivuja, nani apande? Desturi yasema mwanamke akandike ukuta, mwanamume aezeke. Basi mama huyo anangoja. Anamngoja shemeji, shemeji ana shughuli. Anamwita fundi apitaye njiani, fundi anatazama nyumba, anaona hakuna mwanamume, na bei inapanda kabla hajafungua mfuko wake. Twawajua akina mama waliolipia mabati mawili mapya kwa ajili ya tundu moja la msumari.

Sisi twasema wazi kwamba nyundo haina jinsi. Mwanamke anayebeba debe la maji kichwani akipanda mlima aweza kupanda ngazi ya futi kumi. Kama mzee fulani aona aibu kumwona mkwewe juu ya paa, dawa ya aibu yake ni kupanda yeye. Na binti zetu wafundishwe kazi hizi pamoja na kaka zao, mapema, kwa kuwashikisha vyombo. Vyombo vyenyewe si vingi: nyundo, msumeno, plaizi, bisibisi, mwiko wa mwashi, timazi. Timazi hata usinunue. Jiwe na uzi vyatosha. Watu watano wa jirani wakichanga wakanunua seti moja, ikakaa kwa mmoja wao na daftari la kuazima, hakuna atakayeshindwa. Twaomba tu mwenye kuazima arudishe.

Mlango unaogoma mvua zinaponyesha usiupige randa kwa hasira. Mbao imevimba, kiangazi itarudi, nawe utabaki na mwanya wa kupitisha nyoka. Punguza kidogo sana, au ungoje. Mlango ulioinama tazama bawaba zake kwanza: skrubu zimekula tundu. Chomeka vijiti vya kiberiti vyenye gundi, kata vilingane na ubao, rudisha skrubu. Dakika kumi.

Na maji ya paa, badala ya kuyaacha yale msingi, yakusanyeni. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita sita kwa nane, ikinyeshewa milimita 20 jioni moja, yamwaga lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20. Hata zikipotea ndoo nane njiani, arobaini zimebaki, na kila moja ni safari ya mtoni ambayo mtoto wa kike hakwenda. Bati kuukuu likikunjwa kuwa mfereji, likafungwa kwa waya ukingoni mwa paa likiinamia pipa, kazi imekwisha. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yamwagike, yanaosha vumbi na mavi ya ndege.

Baada ya Uhuru wazazi wetu walijitolea kujenga madarasa na zahanati. Yako majengo ya namna hiyo hapa ambayo hayajaona msumari mpya tangu vigelegele vya ufunguzi. Waliojua kutengeneza nyumba zao hawatashindwa kuyatengeneza hayo. Kamati za vijiji ziyatazame kwa njia ile ile ya nyota saa sita mchana.

Mafundi hatuwafukuzi. Msingi uliotitia, kenchi iliyopinda, ukuta unaoegemea nje, hizo ni kazi za fundi, na fundi mwema alipwe vyema bila kuzungushwa. Umeme nao, tangu ulipoanza kuenea vijijini, usiguswe kabisa: waya za ndani ni za fundi mwenye leseni, na mita ni ya TANESCO. Zima, kaa mbali, mwite. Mtu aliyeziba paa lake mwenyewe asidhani ameshakuwa mtaalamu wa kila kitu.

Wakati wa kazi hizi ni Julai na Agosti, mahindi yakishavunwa na kabla vuli haijaanza. Udongo hukauka bila kuloweshwa, bati ni kavu, na samadi ipo. Anayetaka kuonyeshwa namna ya kung'oa msumari bila kupasua bati abaki. Tumeleta bati kuukuu na nyundo mbili, na tutaanza mara wazee wakishapata viti kivulini.